Hamid bin Abdulkadir wa Kuze, na Mbiu Iliyokaa Eda

Umesomwa na mpwa wake Kamaludin, mtoto wa dada yake Mwanakuu, barazani pa marehemu, Kuze, siku ya hitima, Ijumaa tarehe 17 Januari 1919. Maneno ni ya mjane wake, Hind binti Awadh.

Kwanza litajwe kosa, ndipo yatajwe majina ya baba na babu. Hamid bin Abdulkadir, mpiga mbiu wa Kuze, amezikwa juzi akiwa na neno la uongo juu yake. Mji huu ulisema, na wako wangali wasema, kwamba alfajiri ya Ijumaa tarehe 23 Februari 1917 ni yeye aliyepiga mbiu, vijana wakatoka majumbani, wakawakuta askari wamesimama kila pembe, wakakamatwa wakapelekwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu. Hamid hakupiga mbiu siku hiyo. Aliyepiga ni ndugu yake kwa baba, Hadi bin Abdulkadir, ambaye ameketi hapa barazani na kahawa ya msiba ameinywa. Asiondoke. Wasifu ni mrefu kidogo, na yeye yumo.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Kuze, mwaka 1288 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1871. Babu yake alitoka Shihri, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana, akaoa mjini, akazikwa mjini. Baba yake, Abdulkadir, alikuwa mpiga mbiu. Wageni waliopo na waelezwe: mbiu ni pembe ya nyati, na kabla ya ofisi kuanza kubandika makaratasi ukutani, lolote la mji lilipita kwa pembe hiyo. Maiti, mtoto aliyepotea, moto, mchele ulioingia forodhani, chanjo ya ndui. Mpiga mbiu hupuliza, watu hutoka, ndipo anene. Hawaulizi kwanza, hutoka. Hilo lishikwe, maana ndilo lililowaponza vijana wetu.

Hamid alisoma chuoni kwa mwalimu wa Mkanyageni, akahitimu Qurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Elimu yake nyingine aliipata kwa baba yake, na somo kubwa alilipata kwa sababu ya paka. Alikuwa na miaka tisa. Hadi, mdogo wake kwa mama mwingine, alikuwa na paka wa rangi ya majivu, na paka huyo akatumbukia kisimani. Hadi akalia mpaka akataka kuzimia. Hamid hakuwa na la kufanya, akaingia ndani, akaitungua mbiu ya baba yake, akaipuliza kwa nguvu zake zote. Mji ukatoka. Kinyozi akatoka na wembe, na aliyekuwa akinyolewa akatoka na povu upande mmoja wa shavu. Wanawake walichungulia milangoni na unga mikononi. Paka akatolewa mzima, watu wakarudi kwao wakitukana.

Baba yake hakumpiga. Alimwambia, "Umewatoa kwa mbiu, mwanangu. Sasa nenda ukawarudishe kwa mbiu."

Ikambidi aipite njia yote: Kuze, Mjua Kale, Mkanyageni, Kibokoni, Ndia Kuu, mpaka kurudi tena Kuze, na kila baraza asimame, apulize, aseme, "Hakuna jambo! Alikuwa paka! Niwieni radhi!" Hadi alikuwa nyuma yake njia nzima, ameshika ncha ya kanzu ya kakake, na kila Hamid akimaliza kusema, yeye humalizia, "Nyau!" Watu wakacheka, ghadhabu ikaisha. Hamid aliisimulia hadithi hiyo kila mwaka wakati wa futari, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba ndiyo sheria ya kazi yake. Neno lililopita kwa mbiu halifutiki kwa kunong'onezana vibarazani. Hufutwa kwa mbiu, kwa njia ile ile.

Baba yake alipofariki mwaka 1896, mwaka ule reli ilipoanza kutandikwa, mbiu ikawa yake. Mpiga mbiu hali kwa mbiu, kwa hivyo Hamid alikuwa fundi wa makubadhi, na ngozi alizishona yeye mwenyewe hapa barazani. Mwaka wa njaa, 1899, aliwatangazia watu waliotoka bara palipokuwa na uji, akapita mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyemtuma. Pumzi yake ilijulikana. Ilianza chini, ikapanda, ikakata safi kama uzi uliokatwa kwa meno. Hadi naye alijaribu mara nyingi ujanani, na pumzi yake hukatika mwishoni ikajikokota, kama mtu aliyejikwaa. Akaiacha, akawa dalali wa mnadani, huko kunakotakiwa sauti tu. Hilo nalo lishikwe.

Alimuoa Hind binti Awadh mwanzo wa mwaka 1901, katika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mungu aliwajaalia binti mmoja, Nabiha. Hind hakusoma ila sura za kusalia, lakini ana macho, na mumewe alikuwa akimtania mbele za watu, "Mimi hutangaza yaliyotokea. Mke wangu huyajua kabla." Naye humjibu, "Ningeyajua yote, ningeolewa na muuza mchele." Nyumba yao ilikuwa na kicheko. Wanaopita sasa na kugeuza nyuso wakumbuke walivyokuwa wakiingia bila hodi.

Vita vya Ulaya vilipozuka mwaka 1914, watu wa Kuze walisema havituhusu. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ofisi ilimtuma Hamid atangaze kazi ya upagazi: miezi sita, posho na blanketi. Alitangaza kama alivyotangaza chanjo na mchele, maana aliambiwa ni kazi. Wakaitika vijana. Mmoja alikuwa Chirau, mwana wa pekee wa Bi Mbodze, yule auzaye mbaazi na mahamri pembeni mwa msikiti.

Miezi sita ikapita, na mingine sita. Julai 1916 habari zikaja kwamba Chirau amekufa huko bara ya Mdachi, kwa kuhara, si kwa risasi. Bi Mbodze hakupiga kelele. Alikuja hapa asubuhi, sinia lake la mbaazi bado liko kichwani, akasimama mbele ya Hamid aliyekuwa akishona.

"Hamid, weye ndiwe uliyemwita mwanangu?"

"Ni mimi, mamangu."

"Alikusikia akatoka. Hata kiatu cha pili alikivaa njiani."

"Namkumbuka."

"Basi nipigie tena arudi."

Hamid akaiweka ngozi chini. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango, akisikia yote. Bi Mbodze akalitengeneza sinia kichwani. Akasema, "Kumbe huita upande mmoja tu," akaenda zake kuuza mbaazi.

Siku hiyo Hamid aliitundika mbiu msumarini. Akamwomba mkewe kitambaa kikuukuu kisicho na ua wala rangi, mkewe akaizungushia na kukifunga kwa fundo lake mwenyewe. Hamid akasema, "Imefiwa. Itakaa eda." Na alipokuja tarishi wa ofisi kumwambia kwamba bwana mkubwa yuwangoja mbiu, wapagazi wengine watakiwa, mazungumzo yao yalisikiwa na mtaa mzima.

"Mpe salamu bwana mkubwa. Mbiu iko edani."

"Edani kwa nani, Sheikh?"

"Kwa Chirau wa Mbodze. Na mwenye eda hatoki, hajipambi, haendi ngomani. Weye ni Muislamu, wayajua haya."

Tarishi alicheka mpaka kofia ikamwanguka, lakini alirudi mikono mitupu. Baada ya miezi minne na siku kumi akaja tena. "Haya, Sheikh. Eda imekwisha."

"Imekwisha, ikafiwa tena."

"Ala! Mbiu hii imeolewa na wangapi?"

"Kila aliyeitika na hakurudi ni mumewe. Hesabu weye, miye nimeshindwa."

Mzaha ule ulienea kuliko tangazo lolote alilowahi kulipigia mbiu. Vijana wa Kibokoni wakiulizwa mbona hawajiandikishi hujibu, "Niko edani, bwana." Wachukuzi wa Kilindini wakalichukua. Hata wasiojua eda ni nini wakalitumia. Na kila Alhamisi baada ya alasiri Hamid alikuwa na kikao hapa hapa, wakisoma Yasini na kuomba amani, si ushindi wa Mwingereza wala wa Mdachi. Alikuwa akisema, "Wagombanao wako ng'ambo, na kila mmoja yuwataka kichwa cha mtoto wa Mbodze kimbebee mzigo. Mimi sijagombana na mtu." Mwisho wa baraza huketi Nicodemus Oloo, Mkristo kutoka Nyanza aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akichelewa kwenye kila Amina, na hakuna aliyemkataza.

Hadi hakuja hata Alhamisi moja. Mkewe Hamid aliliona hilo, na aliona jingine: tarishi wa ofisi, ambaye zamani alipita njia ya juu, sasa alipita mbele ya duka la Hadi, tena akisimama.

Jumatano tarehe 21 Februari 1917, Hadi akaja na halua. Tangu Hind aolewe katika nyumba hii, Hadi hajaleta hata ndimu. Akaketi, akauliza hali, akaitazama mbiu ukutani.

"Kaka, pembe hiyo itaingia funza. Yataka nta. Nipe nikuendee kuipaka."

"Mwenye eda hatoki nje, Hadi."

"Akienda kwa tabibu hutoka. Waulize mashekhe."

Hamid akacheka. Alikuwa mtu wa kushindwa na mzaha mzuri, hasa ukiwa ni wake mwenyewe umerudishwa. Akaitungua, akampa. Hadi alipoondoka, mkewe akatoka nyuma ya mlango.

"Mbona leo?"

"Ni ndugu yangu, Hind."

"Ndiyo nauliza. Ni ndugu yako miaka yote. Mbona leo?"

Hamid akala halua. Mkewe hakuionja, na hajapata kuonja halua tangu siku hiyo.

Alfajiri ya Ijumaa, adhana imeshasikika, Hamid yuko birikani msikitini akitia udhu, mbiu ikalia. Aliinua uso, maji yanamtiririka ndevuni.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu naye akamuuliza, "Si mbiu yako hiyo?"

"Ni mbiu yangu," Hamid akasema. "Si pumzi yangu."

Mzee huyo yuko hai, na leo yumo humu barazani. Anajijua.

Mbiu ilikuwa kimya kwa miezi saba. Watu wakajua lazima ni jambo kubwa, labda vita vimekwisha. Wakatoka mbio, wengine hata kanzu hawajavaa, na vijana ndio waliotangulia kwa kuwa miguu yao ni myepesi. Askari walikuwa wameshasimama pembeni. Wale waliokuwa wakijibu "niko edani" walitolewa nje na mbiu ile ile waliyokuwa wakijikingia. Hamid alipotoka msikitini akipiga kelele, "Rudini! Si mimi! Rudini ndani!" naye akakamatwa. Mkewe alikimbia nyuma yake mpaka Ndia Kuu. Aliporudi, mlango uko wazi kama alivyouacha, na mbiu iko msumarini imevishwa kitambaa chake. Majirani waliingia wakaiona. Wakatoka wakiamini aliyeipuliza ni mwenye nyumba.

Mkewe aliliangalia fundo. Halikuwa lake. Lakini nani husikiliza ushahidi wa fundo?

Basi na wasikilize haya. Asubuhi ile kila nyumba ya Kuze yenye kijana ilichukuliwa kijana. Hadi ana vijana wawili. Wote wawili walilala Jomvu kwa wajomba zao, walipelekwa Alhamisi jioni, na haikuwa siku ya arusi wala ya msiba. Hadi aulizwe: waliitiwa nini Jomvu?

Jumatatu Hadi akaja na tarishi wakaichukua mbiu, na Hadi akaipita njia yote, Kuze, Mjua Kale, Mkanyageni, Kibokoni, Ndia Kuu, akitangaza hivi: "Serikali yamshukuru Hamid bin Abdulkadir, aliyewaita vijana Ijumaa na kuondoka nao kwa hiari yake! Mbiu ameiacha kwa nduguye!" Ikiwa ofisi ilimpa maneno hayo au ameyatunga mwenyewe, hakuna ajuaye. Pumzi ilikatika mwishoni ikajikokota, kama ilivyokuwa Ijumaa, na nusu ya mji wenye masikio uliisikia. Ukanyamaza. Walikuwa na vijana wengine ndani.

Kuanzia siku hiyo mlango wa Hind ulitemewa mate. Kina mama waliokuwa wakiazima kinu chake wakamvunjia mchi wake. Posa ya Nabiha, iliyokuwa imekubaliwa pande zote, ilirudishwa na mwanamke aliyesimama barabarani, hakutaka hata kuvuka kizingiti. "Hatuoi kwa muuza watu," akasema. Nabiha alikuwa na miaka kumi na mitano, alisikia kila neno. Mtu mmoja tu alikuja, Bi Mbodze. Aliweka mahamri mlangoni akasema, "Mimi nimeisikiliza pumzi yake ikimchukua mwanangu. Siwezi kuisahau. Ile ya Ijumaa haikuwa yake." Mwanamke aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumchukia ndiye pekee aliyenena kweli, na kwa kuwa auza mbaazi, mabwana wenye mabaraza hawakumuuliza.

Hamid alitiwa melini akapelekwa Lindi. Ya huko yajulikana kwa Nicodemus, aliyepelekwa pia, kuhesabu mizigo ufukweni. Aliporudi kwa likizo alikuja kumwambia Hind. "Mama Nabiha, mzee wako ni mkaidi sana. Walimpa tarumbeta awaamshe wapagazi, kwa kuwa walisikia ni mpuliza pembe. Alikataa. Walimpa masanduku ya risasi. Alikataa. Walimchapa. Akasema atabeba unga na atabeba machela, na kweli alibeba, mpaka miguu ikaoza. Vijana wa Kuze walikuwa wakimpita bila salamu. Usiku wakiugua, ni yeye aliyewapa maji." Hind alimuuliza kama Hamid amewahi kuwaambia vijana wale si yeye aliyewaita. Nicodemus akasema, "Alisema mara moja. Hawakuamini. Akasema hapana faida, lilipita kwa mbiu."

Alirudi tarehe 12 Desemba 1918, vita vimekwisha, amekonda hata dada yake Mwanakuu alimpita njiani asimjue. Alipopita vibarazani alitoa salamu, na zilirudi chache. Mama mmoja akasimama mbele yake.

"Wangu yuwapi, Hamid?"

"Alizikwa Lindi, mamangu. Nilimuosha mimi. Lakini sikumwita."

"Mbiu ilisema."

"Ilisema."

Mama akapisha njia. Hamid akaingia ndani, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Alikuwa na tumbo la damu na kifua. Mganga wa Kizungu alitoa unga mchungu, Bi Mbodze alileta uji wa mtama, na wote wawili walijua haponi. Katika siku zile Hadi akaja kumtazama mgonjwa, na mkononi kuku. Hind alifungua mlango kwa sababu Hamid alimwambia afungue.

"Kaka, pole. Wauguaje?"

"Naugua kama mwenye kwenda. Keti. Njia waikumbuka, Hadi?"

"Njia gani, kaka?"

"Ya paka."

Hadi akatazama miguu yake. 

"Mimi nimekusamehe," Hamid akasema. "Nimekusamehe sasa hivi, mbele ya mke wangu, usije ukasema nimekufa na kinyongo. Yaliyo baina yangu nawe yameisha. Lakini wale kina mama si wangu kuwasamehea. Ipite njia, Hadi. Kila baraza. Useme nani alipuliza."

"Inshallah, kaka."

Hind amekaa mtaa mmoja na dalali miaka kumi na minane, aijua inshallah ya mnadani. Hadi alirudishiwa kuku wake, akiwa hai.

Hamid bin Abdulkadir alifariki asubuhi ya Jumatano tarehe 15 Januari 1919, sawa na mwezi kumi na mbili Mfunguo Saba 1337, mkono wake mikononi mwa bintiye. Alikuwa na miaka arubaini na minane. Maneno yake ya mwisho kabla ya shahada yalikuwa swali: "Amepita?" Mkewe akamwambia bado. Hakutaka kumdanganya mtu aliyeishi kwa kutangaza yaliyo kweli.

Katika mji huu maiti hupigiwa mbiu, tajiri na masikini. Hamid mwenyewe aliwapigia wote, hata mabaharia ambao majina yao hayakujulikana. Kamaludin alitumwa kwa Hadi aombe mbiu ipite. Hadi akajibu kwamba imepasuka. Hamid akabebwa kwenda makaburini Kikowani na watu waliohesabika kwa kutazama mara moja, na Nicodemus nyuma yao, kofia mkononi. Alasiri ile ile, maji ya kuoshea maiti hayajakauka uani, mbiu ikalia Ndia Kuu. Yatangaza mnada wa mbao. Haikuwa na ufa hata kidogo. Ilijikokota mwishoni, kama kawaida yake.

Na liko moja ambalo wanawake hawakuliona kwa kuwa hawaendi makaburini, lakini Kamaludin alikuwapo. Baada ya kusaliwa, imamu aliwauliza waliohudhuria, kama ilivyo desturi, "Mwamshuhudiaje maiti huyu?" Wengi waliguna. Sauti moja ilitoka safu ya mbele, kubwa, ya mnadani, ikasema, "Mtu mwema! Wallahi, mtu mwema!" Ilikuwa ya Hadi. Basi kweli aijua.

Marehemu ameacha mjane wake, Hind binti Awadh. Binti yake Nabiha, ambaye hana posa. Dada yake Mwanakuu na mpwa wake Kamaludin, anayesoma haya. Bi Mbodze, ambaye si wa damu lakini ana haki kuliko wa damu. Na ndugu yake kwa baba, Hadi. Mola ampe kaburi pana lisilofikiwa na mwito wa vita vya mtu yeyote, na utulivu ule aliokuwa akiwaombea wengine kila Alhamisi aupate yeye.

Imamu aliuliza pia kama yuko amdaiye marehemu. Hakujitokeza mtu. Hakuna aliyeuliza kama marehemu adai. Anadai. Mzee aliyekuwa birikani adaiwa sentensi moja, aliyoisikia kwa masikio yake, naye aitoe kabla hajafa nayo. Watu wa Kuze wadaiwa salamu. Hadi bin Abdulkadir adaiwa njia: aanzie hapa mlangoni, apite Mjua Kale, Mkanyageni, Kibokoni, Ndia Kuu, arudi Kuze, kila baraza asimame, apulize, aseme Ijumaa ile alipuliza nani. Hana haja ya kuonyeshwa. Aliipita yote akiwa mdogo, ameshika ncha ya kanzu ya kakake, kwa ajili ya paka wake mwenyewe.